Nkambo Afika Lusinga: Familia Moja ya Mitwaba Ndani ya Mbuga ya Upemba

Wakaaji wengi wa Mitwaba wanaishi jirani na mbuga ya kitaifa ya Upemba bila kuingia humo hata siku moja. Wanaijua kwa habari tu: mtu amekamatwa na nyama ya pori, Mai-Mai wamepita usiku, ndege ndogo imeonekana juu ya milima. Ndiyo maana majirani walishangaa, katikati ya konje ya mwezi wa saba, mwalimu mmoja wa historia anayefundisha Lubumbashi alipofika nyumbani kwa mama yake na kusema amepata ruhusa ya kupeleka watoto Lusinga, waone pundamilia. Mama yake, ambaye ana miaka zaidi ya sabini, aliuliza jambo moja tu: motokari iko na nafasi ngapi?

Mwalimu hakuwa amepanga kumpeleka. Barabara ni mbaya, na juu kule baridi ya kipwa inauma. Lakini mama alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake, na ndani ya kitenge kulikuwa na kipande cha pemba, ule udongo mweupe wa wazee. Mtoto wake alipokiona hakubisha tena.

Kwenye ramani Lusinga si mbali na Mitwaba. Barabarani ni habari nyingine. Waliondoka alfajiri, watu sita na dereva, na mikebe ya mafuta nyuma kwa sababu njiani hakuna pa kununua. Mara mbili wote walishuka kusukuma. Watoto walikula bukari baridi na ndakala juu ya jiwe, wakaona ni sherehe. Kadiri motokari ilivyopanda uwanda wa Kibara miti ilipungua, yakabaki majani marefu ya manjano na upepo. Lusinga yenyewe iko juu ya mita 1,700. Mtoto mdogo wa miaka minane, aliyezaliwa Lubumbashi katika vumbi la Kenya, aliuliza kama wamefika Ulaya.

Mwalimu ni mwalimu, alianza kufundisha hata kabla ya kushuka. Aliwaambia watoto kwamba mbuga hii ilianzishwa na Wabelgiji tarehe 15 Mei 1939, na kwamba mipaka yake ilirekebishwa mwaka 1975, wakati wa Mobutu. Akawaambia kwamba hapa ndipo walipobaki pundamilia wa mwisho wa Kongo nzima, na tembo wachache. Aliongeza kwamba upande wa magharibi, bondeni, kuna ziwa Upemba, na mbele yake ziwa Kisale, ambako wataalamu walichimba makaburi ya Sanga mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuta vyungu na misalaba ya shaba, vitu vya wazee walioishi huko karne nyingi zilizopita.

“Makaburi walichimba?” aliuliza nkambo.

“Walichimba, mama. Kwa kusoma historia.”

Nkambo aliguna, akanyamaza. Atakayemjua mama wa Kiluba anajua kwamba kunyamaza kwa namna ile si kukubali.

Walipokelewa na mlinzi wa mbuga, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu. Alipiga makofi taratibu mbele ya nkambo kama inavyotakiwa, naye akajibu wafwako. Mlinzi aliwaonyesha nyumba za kituo, hakuficha pia mambo magumu. Mwezi wa Desemba 2012 Mai-Mai walishambulia watu wa mbuga hii na watu walikufa. Kwa watu wa Mitwaba hiyo si hadithi ya mbali. Mji wao ulijaa wakimbizi wa vita mwaka 2005 na 2006, na ni pale Mitwaba Gédéon Kyungu Mutanga alipojitoa mara ya kwanza, mwezi wa Mei 2006. Mwalimu mwenyewe alipoteza vitabu vyake vyote wakati ule. Hakusema hivyo mbele ya watoto.

Kesho yake, jua likiwa bado chini, waliwaona. Walikuwa mbali sana, mistari inayotembea katika majani, na watoto walipokezana darubini ya mlinzi wakisukumana. Yule mdogo alihesabu saba. Mlinzi alisema si rahisi kuwaona. Siku nyingine unazunguka mpaka jioni unaona mavi tu. Akaeleza jinsi wanavyohesabiwa: ndege inapita juu, mtu anaandika, na kila kundi linajulikana lilionekana wapi.

Ndipo nkambo, aliyekuwa amekaa kando juu ya jiwe, alipouliza kwa Kiswahili cha kwetu, bila hasira:

“Banyama banahesabiwa, ni muzuri. Na sisi, nani alituhesabu?”

Hakuna aliyejibu haraka. Baba yake nkambo alizaliwa katika kijiji kilichokuwa ndani ya mipaka ya mbuga. Sheria ya wakoloni kwa mbuga za kitaifa haikutaka mtu aishi humo, wala awinde, wala akate mti. Watu waliondoka. Baba yake alimzika mama yake kule kabla ya kuhama, na nkambo anakumbuka, akiwa mtoto mudogo, alivyopelekwa huko kwa siri wakati wa uyoga, akashikwa mkono mbele ya mti mkubwa, akaambiwa: njo hapa.

Alitaka kufika kwenye kilima kile. Mlinzi alikataa. Alieleza kwamba ni mwendo wa miguu wa zaidi ya siku moja, kwamba upande ule watu wenye silaha bado wanapita, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa kama mama wa watu amebaki porini. Alikuwa na haki. Na mama naye alikuwa na haki. Ubaya wa mambo ya Upemba ni kwamba mara nyingi iko hivyo. Mwalimu alijaribu kubembeleza, mlinzi akatikisa kichwa.

Lakini aliwapeleka mpaka ukingo wa uwanda, pale nchi inapokatika ghafla na macho yanaona milima nyuma ya milima. Nkambo alitazama muda mrefu. Kisha alinyoosha kidole, na si mbali na pale kidole kilipoelekea mlinzi alitaja mto kwa jina. Nkambo akalirudia jina lile. Alisaga pemba kidogo mkononi, akapuliza, akasema maneno ya Kiluba ambayo wajukuu hawakuyaelewa. Wajukuu wanasema Kiswahili na Kifaransa tu, jambo ambalo bibi yao hulilalamikia kila konje.

Usiku walikaa karibu na moto wamejifunika mablanketi. Mwalimu alitoa daftari ya shule. Alikumbuka kwamba kati ya mwaka 1946 na 1949 mission ya G.F. de Witte ilipita humu ikikusanya vyura, nyoka na majani, na kwamba katika vitabu vyao mahali pengi pameandikwa kwa majina ya wenyeji: Munoi, Kaziba, Kalumengongo. Wadudu walipewa Kilatini, mito ikabaki na Kiluba chake. Alimwomba mama yake ataje vijiji vyote anavyokumbuka kutoka mdomoni mwa baba yake, na mito, na chifu wa kila kijiji.

Nkambo alianza. Mlinzi, aliyekuwa amekuja kuota moto, alileta ramani yake na taa. Walipofika jina la kumi na moja mtoto mdogo alikuwa amelala miguuni pa bibi yake, na mlinzi alikuwa ameweka alama ya kalamu mahali pawili.

“Hii ya tatu,” alisema, “rudia tena, nkambo. Polepole.”