Kutoka Kilwa hadi Dirisha la Viza

Msafiri atokaye Mbagala Rangi Tatu kwa basi la alfajiri huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, kisha huteremka Nangurukuru, njia panda ya kuingilia Kilwa Masoko. Kabla ya daraja hilo watu walivushwa kwa kivuko, na masika yakizidi walilala ukingoni wakingoja maji yapungue. Hata leo njia hii haijatulia. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara katika maeneo ya Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Nayataja haya mwanzoni, ndugu msomaji, kwa sababu kijana wa Kilwa aliyepewa miadi ya ubalozini saa mbili asubuhi huianza safari yake ya ughaibuni hapa, siku moja au mbili kabla, akiwa na bahasha ya hati kifuani na nauli ya kukopa mfukoni.

Mgeni anayetaka kuiona Kilwa Kisiwani hana budi kwanza kupata kibali pale Masoko. Akishakipata, mashua humvusha mlango wa bahari kwa muda mfupi tu, naye hukaribishwa na kuta za Gereza, kisha Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, na mbele zaidi, juu ya jabali, magofu ya Husuni Kubwa. Mahali hapa pamoja na Songo Mnara paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mtu akisimama Husuni Kubwa na kuitazama bahari, huelewa kwa nini waliojenga walijenga hapo: kila tanga liingialo huonekana.

Mwaka 1331 alifika hapa Ibn Battuta, mtu wa Tanja, akitokea Mogadishu kwa njia ya Mombasa. Aliwakuta watu wa dini, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na sultani wao al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kuhusu fakiri wa Kiyemen aliyemsimamisha sultani huyo baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizokuwa amevaa, naye akampa. Sultani mwenyewe alikuwa msafiri. Historia ya Kilwa inaeleza kwamba katika ujana wake alikaa Aden miaka 2 akisoma, akiwa katika safari ya Hija. Sarafu za shaba za Kilwa nazo zilisafiri mbali kuliko wenyewe: mwaka 1944 askari mmoja aliziokota 5 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Katika zama hizo ruhusa ya kusafiri ilikuwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Mfanyabiashara alijua kwamba akienda atarejea, kwa kuwa pepo mbili hizo hazikuwa na upendeleo. Ada na ushuru vilikuwapo bandarini, na watawala walidai haki zao, lakini hapakuwa na mtu aliyekaa ng'ambo ya bahari akiamua ni nani avuke na mara ngapi.

Hali hiyo ilibadilishwa kwa mizinga. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Pamoja na ngome ikaja karatasi. Wareno waliiita cartaz: hati ambayo chombo kikikutwa baharini bila kuwa nayo, mali yake ilitwaliwa. Kwa mara ya kwanza nahodha wa mwambao huu alitakiwa kumwomba mgeni ruhusa ya kupita katika bahari aliyozaliwa kando yake. Asemaye kwamba viza ni jambo jipya kwetu, basi asome habari za cartaz.

Haitufai, hata hivyo, kuzitukuza zama zilizopita kana kwamba zote zilikuwa asali. Kilwa ina historia nyingine ya karatasi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mkataba ule ulikuwa na maandishi na masharti, na wale 1,000 hawakuulizwa. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya biashara hiyo, misafara ikishuka kutoka upande wa ziwa Nyasa. Ukitembea leo Kivinje, baina ya nyumba kuukuu zenye milango ya nakshi na mikoko ya ufukweni, unakanyaga ardhi ambayo watu wengi waliikanyaga mara moja tu, wakaondoka bila njia ya kurudi. Funzo la Kivinje ni kwamba hati peke yake haimkomboi mtu. Lazima ijulikane hati hiyo inasema nini, na inamfunga nani.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni barua. Vijana hunijia baada ya sala ya Isha kutaka barua za utambulisho, uthibitisho wa ndoa, au tafsiri ya mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu. Uvuvi umepungua tija, bei ya korosho na ufuta hupanda na kushuka, na habari za mshahara wa riyali huzunguka barazani pamoja na kikombe cha kahawa. Wengi huuliza, "Ustadhi, nitapataje viza?" Ni wachache mno wanaouliza, "Nikishaipata, nitaruhusiwa kurudi nyumbani mara ngapi?"

Kuna kijana wa Kivinje, fundi wa mashine za boti, aliyekuwa akifanya kazi Saudia. Alikuja likizo mke wake alipokaribia kujifungua, akiwa na ruhusa ile ambayo wenyewe huiita khuruj wa awda, yaani kutoka na kurejea, ya mara moja, ya siku 60. Mtoto alizaliwa salama. Siku ya 40 baba yake mzazi akashikwa na maradhi. Kijana akafunga safari kwenda Dar es Salaam, kwenye ubalozi, kuomba siku ziongezwe au ruhusa igeuzwe iwe ya mara nyingi, ili arudi kazini kisha aweze kuja tena. Nilimsindikiza. Tulisimama foleni nje ya ukuta tangu asubuhi. Tulipofika dirishani, tuliambiwa kwanza kwamba jina lake katika pasipoti ni Mohamed, katika cheti cha kuzaliwa ni Mohamedi, na katika barua ya mwajiri ni Muhammad, hivyo ilete hati ya kiapo. Tulikwenda kwa wakili, tukaapa, tukarudi kesho yake. Ndipo afisa alipotueleza, kwa upole, kwamba ombi la namna ile halipokelewi kwa mfanyakazi. Lazima litoke kwa mwajiri wake. Mwajiri alipigiwa simu, akasema atalitazama. Siku ya 52 baba akafariki. Siku ya 58 kijana alipanda ndege, arubaini ya babaye haijafika, akiacha eda ya mama yake mikononi mwa dada zake.

Wengi waliosikia kisa hiki waliulaumu ubalozi. Mimi nimekitafakari nikaona kwamba, katika nchi za Ghuba, viza ya kazi haizaliwi ubalozini. Huzaliwa kwa mwajiri, ambaye ndiye mdhamini, yaani kafili. Yeye ndiye huomba kibali cha kazi katika serikali yake, na ubalozi hukamilisha tu kilichokwisha kuamuliwa. Mtu akishaingia, hupewa kitambulisho cha ukaazi, na hapo ndipo sheria za nchi hutofautiana. Oman, mwenye ukaazi hai hutoka na kurejea, ila akikaa nje zaidi ya miezi 6 ukaazi wake huweza kufutika. Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na kwa watumishi wa majumbani mwaka 2020. Saudia bado ina ruhusa ya kutoka na kurejea. Tangu Machi 2021 mfanyakazi wa kampuni anaweza kujiombea mwenyewe kwa mtandao, lakini mageuzi yale hayakuwahusu watumishi wa majumbani, ambao ndio wengi miongoni mwa dada zetu waendao huko.

Tofauti ya gharama nayo ijulikane. Ruhusa ya mara moja kwa miezi 2 ada yake imekuwa riyali 200; ya mara nyingi kwa miezi 3 imekuwa riyali 500. Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inamtwika mwajiri ada hizo. Basi riyali 300 ndizo zilizosimama baina ya kijana yule na arubaini ya baba yake, na hazikuwa juu yake kuzilipa. Wala hakuwa na ujasiri wa kuchelewa, kwa kuwa kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba aliyetoka kwa ruhusa hiyo asirejee kwa wakati, alizuiwa kuingia tena kwa miaka 3, isipokuwa kwa mwajiri yule yule.

Kwa nini jambo hili liandikwe katika kurasa za familia? Kwa sababu kuingia mara moja au mara nyingi ni suala la nyumba kabla ya kuwa suala la ofisi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alisikia usiku malalamiko ya mke ambaye mumewe alikuwa vitani. Akamuuliza bintiye, Bibi Hafsa (r.a.), mke aweza kustahimili muda gani, kisha akaweka kikomo cha askari kukaa mbali na nyumba zao, riwaya nyingine zataja miezi 4, nyingine miezi 6. Dola iliyokuwa vitani ilijua kwamba mume kurudi ni haki ya mke. Je, sisi tunaotia saini mikataba ya miaka 2 bila kuuliza likizo, tumeizingatia haki hiyo? Nimeshuhudia ndoa changa zikivunjika Kilwa pasipo ugomvi wala uhaba wa fedha. Mume hakuweza kuja, na mke alichoka kumwona katika kioo cha simu.

Watu wa Komoro wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Masimulizi ya Kishirazi yanawataja wao na Kilwa kuwa jamaa: katika majahazi 7 yanayosemwa kuwa yalikuja, moja lilifika Kilwa na jingine Hinzuwani. Hadi mwaka 1995 mtu wa Hinzuwani alikwenda Mayotte kumwona shangazi yake akarudi. Mwaka huo Ufaransa iliweka sharti la viza, na tangu hapo bahari ya takriban kilomita 70 imemeza watu wengi waliojaribu kuivuka usiku katika mashua ndogo. Pale njia ya halali inapobanwa, watu hawaachi kusafiri. Huacha kurudi, au husafiri kwa hatari.

Ukiendelea kusini kwa barabara hadi Lindi, mji uliojikunja kando ya ghuba yake, utasikia habari za Tendaguru. Baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Hadi leo mifupa hiyo imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, na wazee wa Lindi hutania kwamba ndiyo mhamiaji pekee wa mkoa huu ambaye hajawahi kuulizwa viza. Mjukuu wa mpagazi akitaka kwenda kuitazama, ataulizwa taarifa ya benki.

Kamati yetu imekaa na kukubaliana mambo manne, nayo nayaweka hapa ili misikiti mingine ya Lindi na Mtwara iyapime. Kwanza, majina. Kuanzia daftari la madrasa, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa hadi pasipoti, jina liandikwe kwa herufi zile zile, na makosa yasahihishwe sasa, si siku ya miadi. Pili, wakala. Asipokeewe fedha mtu yeyote asiyeweza kuonesha usajili wake. Ofisi ya serikali ya huduma za ajira ipo, na kuuliza ni bure. Tatu, mkataba. Aya ya deni katika Surat al-Baqara imetufundisha kuandika na kushuhudisha; basi likizo, nani atalipa ruhusa ya kutoka na kurejea, na iwe ya mara moja au mara nyingi, viandikwe kabla ya kusaini. Nne, nyumba. Mke na wazazi waelezwe masharti hayo mbele ya mashahidi, wajue mpendwa wao atakuja lini na nini kitafanyika likitokea la kutokea.

Kila Jumamosi baada ya Alasiri huketi barazani kwa msikiti kusoma mikataba ya wanaoondoka. Hakuna malipo. Anayekuja na aje na hati zake zote, na kama ana mke, aje naye. Yule fundi wa Kivinje bado yuko kazini, na safari hii, kabla ya kuhuisha mkataba wake, alinitumia nakala niisome. Mwajiri amekubali kuandika ruhusa ya mara nyingi.

Wabillahi tawfiq.