Toa Siani, Mwanangu

Nimezaliwa Tanga, mtaa wa Ngamiani, enzi ambazo taarabu ya Black Star na Lucky Star ilikuingilia dirishani hata kama hukuwa na redio. Baba alikuwa karani bandarini, mama akisuka mikeka. Kidato cha nne nilimaliza kwa alama zisizonipeleka popote, nikajifunza kupiga taipu, na mwaka 1996 shangazi akanichukua Dar es Salaam. Hayo yanatosha. Utoto wa mtu huwanogea ndugu zake tu.

Ninachotaka kuandika ni kazi. Mzee aliyenifundisha alifariki mwaka jana, na tangu tumzike nawasikia watu wakimsimulia kana kwamba maisha yake yote alikuwa akichezea kompyuta. Nami nimeshaacha kazi, macho hayaiwezi skrini tena, na nafasi ya kubishana ninayo.

Kariakoo nilianzia kwenye steshenari ya Mtaa wa Narung'ombe, nikichapa barua za maombi na mitihani ya shule za msingi. Nyuma ya pazia palikuwa na chumba kingine, chenye feni, kompyuta iliyofunikwa kanga isiingie vumbi, na mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata mkewe; ndiye aliyenifundisha. Humo ndimo yalimotengenezwa makava ya kanda na mabango ya muziki. Biashara ilikuwa imechangamka. Televisheni na redio za watu binafsi zilikuwa zimeingia Bara miaka michache tu nyuma, mwaka 1994, na kila mwenye sauti, na wengine wasio nayo, walitaka kutoa kanda. Kanda ilitaka kava, na kava likishapendeza, tajiri aliyeigharamia kanda alitaka bango lenye sura ileile libandikwe Magomeni, Buguruni na Temeke usiku kwa uji wa unga wa ngano.

Fundi hakutokea kwenye kompyuta. Ujana wake aliumaliza chumba cha giza, akisafisha picha kwa dawa na kukata filamu kwa wembe. Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, na kuanza kuuzwa mwaka 1990, ilimfikia akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alipenda kusimulia siku ya kwanza alipofunguliwa programu ile. Vijana walimwonea huruma, wakidhani atapotea. Yeye akaviangalia vile vialama vya pembeni, akaona kijiti chenye duara nchani na mkono uliokunjwa kama unachungulia tunduni. Akacheka. Kijiti kile alikuwa nacho nyumbani, kakitengeneza kwa waya na kipande cha boksi, cha kukinga mwanga ili sehemu ya picha isiungue. Na mkono ule ulikuwa wake: ndivyo alivyopitisha mwanga kati ya vidole apate kuunguza kona iliyopauka. Wazungu wameniibia zana, alisema, ila wamezipanga vizuri.

Kompyuta yetu ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Toleo tulilotumia lilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja tu. Uwezo wa kurudi hatua nyingi ulikuja na toleo la 5, mwaka 1998. Kijana wa leo hawezi kuelewa hofu ile. Ulifikiri kabla ya kubofya. Fundi alinizuia kugusa picha yenyewe: kila badiliko liwekwe kwenye leya yake, tabaka la peke yake juu ya picha, ili tajiri akibadili mawazo, na tajiri hubadili mawazo, uiondoe leya bila kuharibu uso wa mtu.

Halafu kuna mashine, ambayo wasanifu wa sasa wengi hawajawahi kusikia kelele zake. Kwenye kiwanda cha uchapaji tulikopeleka kazi walikuwa na Heidelberg ya Ujerumani, ndogo, ya rangi moja, inayopokea karatasi isiyozidi sentimita 36 kwa 52. Bango la rangi kamili lilitaka karatasi ipite mara nne: njano, majenta ile pinki kali, siani, nyeusi. Sasa wewe chukua karatasi, ipitishe leo, ilaze stoo usiku kucha kwenye unyevu wa Dar es Salaam, kesho uipitishe tena. Imetanuka. Kidogo mno kwa jicho, lakini rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza, na midomo ya mwimbaji inakuwa minne. Ndiyo maana herufi zetu zilikuwa nene vile. Watu husema eti tulikuwa na ladha ya kishamba. Jina la albamu kwa herufi nyembamba nyeupe juu ya picha ya rangi nne lingezibwa na wino lisisomeke, na lawama tungebeba sisi.

Nifike kwenye uso, maana hapo ndipo nilipogombana na watu.

Wino wa njano na wa majenta vikikutana vinatoa ule wekundu wa udongo ambao ngozi zetu zote zinao, awe mtu mweupe wa Pemba au mweusi tititi. Siani, ile buluu ya bahari, ni adui wa wekundu huo. Ikiingia kidogo inaupa uso kina. Ikizidi, inauua, na mtu anakuwa wa kijivu kama aliyeamkia homa. Basi ukiiachia kompyuta ikubadilishie picha kutoka rangi za skrini kwenda rangi nne za wino, kwenye ngozi nyeusi inamwaga wino wote kwa pamoja, siani ikiwamo. Isitoshe, nukta za wino hutanuka zikigusa karatasi, hasa ile ya bei rahisi. Matokeo yake ni uso kama sufuria iliyoungua.

Fundi alikuwa na maelezo ya kwa nini hali iko hivyo. Katika maabara za picha za zamani, Kodak walikuwa wakituma kadi ya kupimia rangi, maarufu kwa jina la Shirley, yenye mwanamke wa Kizungu. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Nani alimpima bibi yangu? aliuliza Fundi, na hakungoja jibu.

Dawa yake ilikuwa hii. Usiguse mwanga. Ingia kwenye rangi nyekundu za uso peke yake, na huko ndani toa siani. Shavuni, panapopiga mwanga, njano na majenta zikaribiane, njano izidi kidogo, siani isifike nusu ya majenta. Weusi uachie wino mweusi wenyewe, tena kwenye vivuli: chini ya kidevu, ubavuni mwa pua, ndani ya sikio. Mtu anabaki na weusi wake, ila unakuwa weusi wenye damu. Aliniketisha kando yake, kidole chake kimegusa kioo cha skrini, anasema taratibu, "Toa siani, mwanangu. Toa tena. Basi." Nikimuuliza nijuaje pa kuishia, ananionyesha macho na meno. Weupe wa jicho ukianza kuwa wa manjano, umepitiliza.

Mwenzetu wa meza ya pili, aliyekuja baada yangu na ambaye baadaye alifungua ofisi kubwa yenye kiyoyozi, alikuwa na njia nyingine. Aliipandisha kevu, ule mstari wa mwanga wa picha, uso mzima ukang'aa, kwa dakika moja. Matajiri walimpenda. Neno lao lilikuwa moja: mng'arishe. Tena walilisema mbele ya mwimbaji mwenyewe, naye akatazama chini.

Siku moja tajiri mmoja wa usambazaji akaleta picha za mwimbaji wa taarabu. Mwanamke mweusi wa kupendeza, gauni la zambarau, hina hadi kwenye viwiko. Akataka awe maji ya kunde. Fundi akafanya kazi yake, akatoa pruufu, ile chapa ya majaribio, na mpaka leo sijaona uso uliochapwa vizuri kuliko ule. Hina ilionekana juu ya ngozi ile, na hilo peke yake ni mtihani. Tajiri akaitazama, akasema mteja hanunui giza. Fundi akamwambia, "Bwana, huyu mteja anamjua. Amemtunza juzi ukumbini." Tajiri akaichukua diski akavuka chumba, meza ya pili. Jioni kazi ikawa imekwisha: uso mweupe, shingo ya kati na kati, mikono myeusi vilevile kwa sababu mwenzetu hakuwa na muda wa mikono. Hina imepotea.

Kanda iliuza sana. Silifichi hilo, maana wapo watakaolitoa kama jibu, na mwenzetu amekuwa akilitoa kwa miaka yote hii. Watu walinunua sauti, namwambia, wangeinunua hata kwenye karatasi ya maandazi. Mwimbaji alikuja siku chache baadaye, akasimama mbele ya bango lililobandikwa mlangoni kwetu, akaniuliza mimi, si wenzangu, "Huyu dada ndiye nani?" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha. Fundi aliingia ndani ya pazia akamletea ile pruufu ya kwanza. Aliondoka nayo.

Mwenzetu ana hoja moja ya kweli, nami humpa haki yake: karatasi ilikuwa mbovu, na picha yoyote ilitaka kupunguziwa uzito kabla ya kwenda kwenye pleti ya kuchapia. Sawa. Punguza wino wa siani na wa nyeusi, uzito umeondoka. Kumtengenezea mtu ngozi nyingine ni kazi tofauti kabisa, na asiichanganye na ufundi wa uchapaji.

Nyinyi vijana mliobaki, najua bango la karatasi mmelizika. Kava sasa ni mraba wa pikseli 3000 kwa 3000 unaotazamwa kwa ukubwa wa ukucha, kwenye simu, na hakuna wino wa kuwasumbua. Basi kama wino haupo, kisingizio cha kupausha nyuso nacho kimetoka wapi? Mnachukua picha iliyotumwa kwa WhatsApp, imeshabanwa mpaka matundu ya ngozi yamefutika, mnaipitishia kitu cha kulainisha, mnamtoa mwimbaji kama sanamu ya dukani. Wengine hata mwimbaji hawamtaki tena, wanaiambia programu iwatungie uso. Ombeni picha halisi kutoka kwa mpiga picha. Acheni kovu la nyusi. Acheni mwanya. Mama wa yule mtu atalitazama kava lile, na mjukuu wake atalitazama, muwe mnaliwaza hilo mnapobofya.

Kompyuta ya Fundi ilichukuliwa na mwanawe. Mashine ya Heidelberg bado inafanya kazi mahali, nasikia, inachapa risiti na kadi za michango ya harusi, rangi moja, kazi ambayo ndiyo iliyozaliwa kuifanya.

Mwezi uliopita mwenzetu wa meza ya pili alinipigia simu. Kikundi cha taarabu kinatoa albamu, kinataka mabango ya karatasi kama ya zamani kwa ajili ya onyesho, na mjukuu wake ndiye anayeyatengeneza. Nyuso zinatoka za kijivu. Alizunguka sana, akauliza hali, akauliza macho yangu, mwisho akauliza Fundi alikuwa akitoa siani asilimia ngapi. Nikamwambia anitumie picha kwanza, nimwone mwimbaji. Bado hajaituma.