Mgeni Asiyeruhusiwa Jembe



Tangu nirejee kutoka Falme za Kiarabu, wazazi wa mtaa wetu wa Muyeye wamekuwa wakinijia mmoja mmoja, aghalabu baada ya Alasiri, na swali lao ni moja. Binti ana shahada ya ualimu, amesajiliwa na TSC, na huu ni mwaka wa tatu yupo nyumbani. Je, akatiwe viza ya matembezi aende Dubai akatafute shule? Wengine huniuliza kwa ajili ya kijana wa kiume. Nimeona ni bora niwajibu nyote kupitia jarida letu hili la wiki, kwa kuwa jibu langu haliwahusu wasafiri pekee. Sehemu yake kubwa inawahusu wanaobaki nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Kemia. Kwa miaka minne nilifundisha shule ya upili kwa mkataba wa bodi, na kila aliyewahi kufundisha kwa mkataba huo anajua kwamba mshahara hufuata karo: wazazi wakichelewa kulipa, mwalimu naye huchelewa kula. Nafasi za mafunzo kazini za TSC, ambazo zimekuwa na posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa walimu wa sekondari, nazo hugombewa na watu wengi kupita idadi yake. Nilipoamua kusafiri, mume wangu aliridhia, mama akauza bangili zake mbili, na chama cha akina mama wa mtaani kikanikopesha kilichosalia. Binti yetu wa miaka sita akabaki kwa bibi yake. Nayataja haya ili ijulikane kwamba fedha iliyonipeleka haikuwa ya mtu mmoja, na kwa hiyo hata siku nilizopewa kule hazikuwa zangu peke yangu.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Viza ya matembezi imeipindua methali hiyo. Humruhusu mgeni kukaa siku 30 au 60, atembee, aonane na wakuu wa shule, afanyiwe mahojiano. Lakini jembe haruhusiwi kulishika hata siku moja, hata kwa jina la majaribio. Jembe hutolewa kwa hati nyingine kabisa, nayo ni kibali cha kazi. Kibali hicho huombwa na mwajiri mwenyewe katika Wizara ya Rasilimali Watu ya huko, si na mwalimu wala na wakala wa mtaani. Kikishapatikana, mgeni aweza kubadilishiwa hadhi yake akiwa humo humo nchini. Zamani wengi walilazimika kuvuka hadi kisiwa cha Kish, upande wa Irani, wakangojee karatasi mpya huko.

Anayepitisha siku zake hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku. Kwa thamani ya fedha ilivyo sasa hiyo ni kama shilingi 1,750. Mwezi mmoja wa kuchelewa ni dirhamu 1,500, yaani zaidi ya shilingi 50,000. Hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya ile posho niliyoitaja.

Kabla sijaondoka, mume wangu, mama na mimi tulikaa tukaandika mambo matatu kwenye karatasi. La kwanza, tarehe ya kurudi, iwe siku ya 55, hata kama sina kazi, na tikiti ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda. La pili, sitaanza kazi yoyote bila kibali. La tatu, sitampa mtu yeyote fedha ili anipatie kazi, maana sheria ya kazi ya huko inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Mama alitia saini yake ya dole gumba kwa mzaha, tukacheka. Sikujua wakati huo kwamba karatasi ile ingekuja kunifaa kuliko barua zote za sifa nilizobeba.

Hati nazo zataka kutayarishwa mapema. Shahada ya mwalimu wa Kenya hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi ithibitishwe, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, na ikifika kule huthibitishwa tena na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa ana kwa ana. Nilikutana na walimu wenzangu waliosafiri na nakala tupu, wakitumaini kwamba mambo hayo yangetengenezwa wakiwa huko. Walitumia nusu ya siku zao kumwomba ndugu aliye nyumbani apande basi la Nairobi kwa niaba yao. Kwa mwenye siku 60, kila wiki inayopotea kwa karatasi ni wiki iliyotolewa kwenye mahojiano.

Majira pia yana hesabu yake. Shule nyingi za kibinafsi za Dubai hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Agosti, na zile za mtaala wa Kihindi hufungua Aprili. Zinazofungua Agosti hutafuta walimu wake hasa kati ya Januari na Aprili. Jambo hili halikupaswa kuwa geni kwetu watu wa pwani. Nahodha wa jahazi alikwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na kabla hajatweka tanga alijua ni mwezi upi pepo zitamgeukia. Hakung'oa nanga kwa sababu tu amesikia kwamba fulani amepata.

Nilifikia Sharjah, nyumbani kwa ami yangu na mkewe, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Hilo lenyewe lilinipunguzia nusu ya mzigo, kwani asiye na jamaa hulazimika kukodi kitanda katika chumba cha watu wengi asiowajua, na kwa mwanamke hilo si jambo la kuamuliwa kwa simu ukiwa uwanja wa ndege. Kila asubuhi nilituma maombi, na siku tatu kwa wiki nilipanda basi kwenda Dubai au Ajman. Shule nyingi hazikujibu. Baadhi zilinihoji kwa heshima, zikaniambia waziwazi kwamba nafasi ni za Agosti. Dubai ina mamlaka yake ya elimu, KHDA, iliyoanzishwa mwaka 2006, na mwalimu wa shule ya kibinafsi hana budi kuidhinishwa nayo. Kwa hiyo hata mkuu wa shule anayekupenda hawezi kukuingiza darasani kwa neno lake tu.

Siku ya 38 nilipata simu niliyokuwa nikiiombea. Shule moja, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa imeondokewa na mwalimu wa Hisabati katikati ya muhula. Mwakilishi wake alinihoji kwa dakika 20, akaniambia nianze Jumatatu kwa dirhamu 3,500 kwa mwezi, taslimu. Nikamwuliza kuhusu barua ya ajira ya Wizara. Akasema itafuata. Nikamwuliza kibali. Akasema kibali nacho kitafuata, wengi huanza hivyo. Dirhamu 3,500 ni zaidi ya shilingi 120,000. Nilihesabu bangili za mama, nikahesabu deni la chama, nikahesabu karo ya mwanangu, na yote yaliingia katika fedha ile ikabaki.

Niliomba nipewe usiku mmoja. Baada ya Isha niliwapigia simu wa nyumbani. Mjomba wangu alikuwapo, akasema rizki haipigwi teke, na kwamba aliye jangwani hachagui kata ya kunywea maji. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu ikimwomba mama alete ile karatasi. Akaisoma jambo la pili kwa sauti, mbele ya mjomba, akaniambia, "Tuliagana hivi, na hivi ndivyo itakavyokuwa. Nafasi ikiwa ya kweli, watakupa barua."

Asubuhi niliandika ujumbe kwamba niko tayari kuanza siku ile ile nitakapopata kibali. Sikujibiwa tena.

Huenda msomaji akaniona mwoga, kwa hiyo nieleze nilichokuwa nikikiogopa. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2024, mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali aweza kutozwa kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Sheria kali namna hiyo haikutungwa bure. Mwalimu asiye na kibali hana mkataba wa kumwonyesha kadhi wala hakimu, na mshahara usipolipwa, kudai kwake ni kujishtaki. Mwalimu mwenzangu kutoka Uganda, tuliyejuana kwenye foleni za mahojiano, alianza kazi mahali pengine kwa ahadi kama ile. Alifundisha majuma saba, akalipwa la kwanza na la pili. Siku zake zikapita huku akingoja zilizobaki, faini ikapanda kila jua lilipochomoza, na aliogopa kurudi kwao mikono mitupu kuliko alivyoiogopa faini. Serikali ya huko iliwahi kufungua mlango wa msamaha kwa waliopitisha siku zao, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Desemba 2024, na maelfu waliufuata. Lakini hakuna mwenye busara anayejenga nyumba yake juu ya msamaha asioujua utarudi lini.

Dini yetu inatuhimiza kutimiza ahadi, na viza ni ahadi. Tumeingia nchi ya watu kwa masharti tuliyoyakubali wenyewe, na wenyeji wakatuamini. Nimewasikia watu wema wakisema kwamba masharti ya serikali si masharti ya Mungu. Mimi naona kwamba neno lililotolewa ni neno lililotolewa, na mwalimu ndiye wa mwisho anayefaa kulivunja, kwa sababu watoto atakaosimama mbele yao humwangalia kabla ya kumsikiliza.

Tusidhani pia kwamba safari ya mwalimu wa Kiswahili kwenda Ghuba imeanza juzi. Oman ilipoingia enzi mpya mwezi Julai 1970, ilikuwa na shule tatu tu za kisasa nchi nzima. Miongoni mwa waliosaidia kuzijenga nyingine walikuwamo watu wenye asili ya Oman waliozaliwa au kusomeshwa Zanzibar na pwani hii, waliorudi na elimu yao. Wale walikwenda kwa kuitwa, na mlango wao ulikuwa nasaba. Sisi wa leo mlango wetu ni karatasi. Elimu tunayo kama wao. Ila tunapaswa kuujua mlango tunaopitia.

Nilirudi siku ya 55. Maneno yalisemwa, na sikuyatarajia yasisemwe. Wapo walionipa pole kana kwamba nimefiwa, na wapo waliouliza kwa upole kama kweli nilitafuta. Deni la chama nalilipa kidogo kidogo kwa mshahara wa bodi na masomo ya jioni ninayowapa watoto wa jirani. Barua ya ajira bado sina. Nilicho nacho ni shahada iliyokwisha kuthibitishwa, jina lisilo na doa katika mitambo ya uhamiaji ya Falme za Kiarabu, na wakuu wa shule wawili walioniona ana kwa ana, ambao wamenihoji tena kwa video nikiwa hapa hapa Muyeye.

Kwa hiyo nawajibu wazazi wangu hivi. Maombi na mahojiano ya awali yafanyike akiwa nyumbani, maana hayatozwi faini ya siku. Asafiri katika majira yake. Aulizie ile viza maalumu ya kutafuta kazi, ya siku 60, 90 au 120, iliyoanzishwa Oktoba 2022, ambayo haihitaji mdhamini na imewekwa kwa ajili ya wataalamu wenye shahada wanaotimiza masharti yake. Akijiwa na wakala, jina la wakala huyo litazamwe kwanza katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na tikiti ya kurudi iwe mkononi kabla ya ile ya kwenda kutumika.

Lakini zaidi ya hayo yote, nyumba nzima ikae chini imwambie maneno haya kabla hajafunga sanduku: siku zikiisha, rudi, na mlango utaukuta wazi. Nimewaona huko mabinti wa watu waliopitisha siku zao si kwa kuipenda Dubai, ila kwa kuuogopa uso wa mama uwanja wa ndege. Mwana anayejua kwamba atapokewa mikono mitupu huwa na nguvu ya kuikataa kazi ya gizani. Asiyejua hilo hukubali lolote.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya halali, na awarudishe salama wote walio mbali. Wabillahi tawfiq.