Printa ipo, ila haionekani

Najua nimepotea kidogo, ni pilikapilika za kujiandaa na mazoezi ya kufundisha. Leo nina habari ya printa. Kama umepanga nyumba na wenzio, soma tu.

Kwetu tupo wanne. Mwaka jana tulichanga shilingi 45,000 kila mmoja tukanunua printa ya waifai, tuachane na foleni za steshenari. Wiki iliyopita ikagoma. Ukibonyeza kuchapa, laptopu inatafuta weee, mwisho inakwambia hakuna printa. Intaneti ipo, taa ya printa inawaka. Mwenzetu mmoja akatangaza imekufa, na tayari ana mteja wa 70,000. Jamani! Siku nne kabla ya kuripoti shuleni, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya watu wanne bado hayajachapwa.

Nikaomba tusiuze mpaka Jumapili.

Kinachochanganya wengi ni kwamba kupata intaneti na vifaa kuonana ni mambo mawili. Laptopu inapotafuta printa inaita, kama mwalimu anavyoita mahudhurio, na aliyepo anajibu "nipo". Mwito unaotumika sana unakwenda anwani 224.0.0.251, mlango 5353, na umewekewa mpaka: hautoki nje ya mtandao wake. Sasa wewe ita mahudhurio Kidato cha Pili A wakati mwanafunzi kakaa Pili B. Yupo shuleni, sare kavaa, ila hawezi kukujibu.

Printa yetu ukishikilia kitufe inatoa karatasi ya taarifa zake. Anwani: 192.168.1.37. Laptopu zetu zote zilianza na 192.168.3. Kwa ruta za nyumbani, hiyo namba ya tatu ikitofautiana basi kwa kawaida mpo mitandao miwili. Nikaandika anwani ya printa kwenye brauza, kimya. Ingefunguka, ningejua njia ipo na shida ni mwito tu. Hapo unaiongeza printa kwa kuandika anwani yake, kazi kwisha.

Ruta yenyewe ni ya baba mwenye nyumba, sisi tunachangia bili. Majuzi kijana wake alifungua mtandao wa wageni akatuomba tuhamie huko. Simlaumu. Mtandao wa wageni kazi yake ndiyo hiyo, mgeni apate intaneti bila kuchungulia vifaa vya wenyeji. Tukahama na simu na laptopu, printa ikabaki kwa wenyeji. Na hata ukiihamishia kwa wageni, ruta nyingi zinazuia wageni wasionane wao kwa wao.

Kwa hiyo lazima mtu aende kwa baba mwenye nyumba. Wakati bili ya maji ya mwezi uliopita hatujamaliza! Wote wakanitazama mimi, eti mwalimu wa hisabati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta ya maji?"

We acha tu. Nilitoa nilichokuwa nacho, ndipo nikaeleza habari ya printa, maandalio na Jumatatu. Mzee akacheka, akamwita kijana. Jamaa akaingia kwenye ruta, akaondoa kile kizuizi cha wageni kutoonana, nasi tukaiunganisha printa upande wetu. Laptopu tatu zikaiona palepale.

Ya nne ikakataa, na bahati mbaya ni ya yule mwenye mteja. Akaanza tena, "si niliwaambia?" Kumbe Windows yake ilikuwa imeuweka mtandao wetu kama wa umma, na ukiwa hivyo kompyuta inajificha na wala haitafuti majirani. Nikabadilisha uwe wa binafsi, printa hiyooo.

Yeye ndiye aliyechapa wa kwanza, kurasa 46, karatasi zikaisha. Mteja kapigiwa simu aambiwe hakuna mauzo. Zamu yangu kesho asubuhi, umeme ukiwepo.