Senti Zenye Tundu

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, nacho kipande kitupu cha madini hubanwa katikati. Mihuri hiyo haina budi kuwa jozi. Fundi akiichanganya, huzaliwa sarafu yenye uso wa ukoo mmoja na mgongo wa ukoo mwingine. Wakusanyaji huiita nyumbu, kama yule mnyama azaliwaye na punda na farasi.

Yuko nyumbu mmoja anayetuhusu. Mwaka 1936, enzi ya Mfalme Edward wa Nane ambaye hakutimiza hata mwaka mmoja katika kiti, kiwanda cha Heaton mjini Birmingham kilipiga senti kumi za Afrika Mashariki na peni za Afrika Magharibi. Zote zilikuwa na tundu, na ukubwa wake ulikaribiana. Muhuri wa senti kumi ukaangukia kwenye peni. Na msidhani ni uzembe wa kale tu: mwaka 2008 Waingereza walipouhamisha mwaka kutoka upande mmoja wa sarafu ya peni 20 hadi upande wa pili, muhuri wa zamani ulikutanishwa na ule mpya, na maelfu ya sarafu yakatoka bila mwaka wowote.

Marehemu bibi yetu alituachia kopo la senti hizo za tundu, amezitunga katika kamba ya katani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilipima kwa mkono tu, akataja bei, na ndugu zangu wawili wakaridhika, kwani paa lilikuwa likivuja na masika yamekaribia. Nilikataa. Tulinuniana karibu miezi miwili. Hatimaye tuliuza mbuzi, kisha tukakaa pamoja kuzitazama moja moja. Nyumbu hakuwamo. Lakini ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kutaka kuziuza, ndiye aliyeomba kamba ile ibaki kwake.

Nawe ukiwa na kopo kama hilo, tafuta herufi ndogo H na mwaka 1936, kisha geuza. Kwenye senti kumi halali, upande wenye mwaka una pembe mbili za ndovu. Ukiona nyota badala ya pembe, na upande wa pili umeandikwa senti kumi, usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu. Wakusanyaji huitaka na kutu yake.