Nyavu Kwenye Mlango wa Mto

Wavuvi wazee wa Musoma wanamjua vizuri samaki aitwaye ningu. Makao yake ni Ziwa Victoria, lakini mvua zikinyesha na mito ikajaa, hupanda mtoni kwenda kutaga mayai. Zamani walikuwa wengi mno. Katika karne iliyopita watu walitega nyavu kwenye milango ya mito, ningu wakanaswa kabla hawajataga, nao wakapungua sana.

Nikiwa chuo cha theolojia nilisoma habari za samaki mwingine, samoni wa Amerika ya Kaskazini. Huzaliwa kijitoni, hushuka baharini, na baada ya miaka hurudi kijito kilekile. Mwaka 1954, Warren Wisby na Arthur Hasler walieleza jaribio lao huko Issaquah, Marekani. Walikamata samoni waliokwisha kurudi katika vijito viwili, wakawaziba baadhi yao pua, kisha wakawaachia wote chini ya makutano ya vijito hivyo. Wengi wa wale wenye pua wazi walirudi kijito chao. Waliozibwa walishindwa kuchagua. Kila kijito kina harufu yake, na samoni huishika akiwa bado mdogo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba waamini ni harufu nzuri ya Kristo. Vijana wetu wa Bunda na Butiama huondoka kwenda Mwanza, Dar es Salaam na machimboni wakiwa na harufu hiyo: nyimbo za shule ya Jumapili, sala ya bibi kabla ya ugali. Sina shaka na pua zao.

Katika usharika mmoja niliouhudumia, kijana alirudi baada ya miaka mingi machimboni. Alikaa benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja alimfuata na daftari la ahadi, akamwuliza deni lake atalipa lini. Hatukumwona tena. Kijana yule hakupotea njia, alinaswa mlangoni.

Wapendwa, ahadi ni jambo jema, na kanisa linahitaji mabati. Lakini yule baba wa Luka 15 alimkimbilia mwanawe, wala hakumdai hesabu ya mali iliyotapanywa. Nimeomba daftari libaki ofisini siku za Jumapili. Wazee wengine hawajakubali, na tunaendelea kuzungumza.