Anayeingia na Kutoka
Wiki jana kaka yangu alipiga simu ya video kutoka Tanga, nikamwonyesha kipande cha mechi ya mwanangu. Kijana anaingia, anainama, anarusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, anakimbia kukaba, anatoka. “Mdogo wangu, huyu kachoka au kafukuzwa?” Akacheka na wote waliokuwa sebuleni. Kicheko hicho kiliniudhi, na bado kinaniudhi.

Hapa Indianapolis nimejifunza kuupenda mchezo huu, futiboli ya Kimarekani, kwa sababu ya hilohilo analolicheka kaka: kuingia na kutoka. Uwanjani kila upande una watu 11, lakini klabu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, inasajili 53, maana ndani yake mna timu tatu: ya kushambulia, ya kuzuia, na ya mipira ya kupigwa kwa mguu. Mchezo ukisimama, yeyote anatoka na yeyote anarudi, hata kama ametoka dakika hiyohiyo. NFL imeruhusu hivyo moja kwa moja tangu 1950. Zamani walewale walioshambulia ndio waliozuia. Chuck Bednarik wa Philadelphia Eagles alifanya hivyo mwaka 1960, na mpaka leo anatajwa kama wa mwisho wa kizazi chake.

Utamu uko kwenye kubadilishana kwenyewe. Kocha akitoa jitu la miraba minne akaingiza kijana mwepesi, wazuiaji wanajua pasi ndefu inanukia, nao wanaingiza mtu wa mbio. Mwamuzi anausimamia mpira mpaka nao wapate nafasi ya kujibu. Mabaunsa wa mstari wa mbele wa timu inayoshambulia wanavaa namba 50 hadi 79 na hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Mmoja wao akitaka kupokea, lazima ajitambulishe kwa mwamuzi, na mwamuzi autangazie uwanja mzima. Akijisahau mtu wa 12 ndani, timu inarudishwa yadi 5. Kwetu, kwenye soka, ubao wa sabu ukiinuliwa, mchezaji anatoka amenuna, kocha hapewi hata mkono.

Kazi ya mwanangu ni kumfikishia mpira mpigaji aliye yadi 15 nyuma yake, huku yeye ameangalia chini na mbele yake kuna watu wanaosubiri kumwangusha. Mpira ukipita juu ya kichwa cha mpigaji, mechi inaweza kuishia hapo.

Na mji huu unawajua watu wa namna yake. Morten Andersen alikuja hapa kutoka Denmark akiwa mwanafunzi wa kubadilishana, hajui mchezo, anajua kupiga mpira tu. Alipiga mpaka akafikisha miaka 47, na 2017 akaingizwa kwenye nyumba ya heshima ya mchezo huu. Mkenya Daniel Adongo aliacha raga akajiunga na Colts, timu ya mji huu, mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Dakika zake nyingi zilikuwa kwenye timu ya mipira ya kupigwa, ile ya kuingia na kutoka.

Lakini nikisema ukweli, kicheko cha kaka hakikuniumiza kwa ajili ya mpira. Kwetu anayehesabika ni mfungaji na bosi. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nawageuza kitandani kila baada ya saa mbili, wasitoke vidonda. Ada za wanawe kaka zimetoka humo, bati la nyumba ya mama limetoka humo. Kwenye harusi na misiba natambulishwa “yule wetu wa Marekani,” basi. Kazi inarukwa kama aibu. Kumgeuza mzee wa kilo 100 aliyepooza, peke yako, saa tisa usiku, bila kumchubua ngozi wala kumtia hofu, ni ujuzi. Nimefundishwa, nimefanyiwa mtihani, nimepewa cheti. Harusi ijayo nataka kazi hiyo itajwe, mbele ya wakwe na wageni wote.